Mkasi na Bawa la Korongo

Mwanangu, nakumbuka wote waliokuwepo uani kwetu, mtaa wa Kimisagara, siku ile ya mkasi: mimi, mdogo wangu Emmanuel, kitinda mimba wetu Zawadi, jirani yetu Mzee Ramadhani fundi cherehani, na korongo mmoja, ambaye kwetu huitwa umusambi, mwenye taji la dhahabu kichwani.

Emmanuel alikuwa amemwokota kwenye kinamasi cha Nyabugogo, bawa limechanwa na waya. Wazazi wetu tulikuwa tumewazika mwaka uliotangulia, nami nimeacha shule niwalee wadogo zangu. Tangu mazishi Zawadi hakusema na mtu. Kwa ndege yule alisema. Alimfunga bawa kwa kipande cha kitenge cha mama, akamtafutia panzi, akamsimulia mambo ambayo sisi hakutuambia. Na mimi pia akaanza kunisemesha.

"Kaka, atarudi lini kwao?"

"Bawa likipona. Wewe mwenyewe ndiye utakayemrusha kule kinamasini."

Ahadi ni deni, mwanangu.

Bawa lilipona. Nilipomwona ndege akilinyoosha, niliogopa: akienda huyu, sauti ya Zawadi itakwenda naye. Tena babu yetu alifuga korongo. Zamani ndege wa kukatwa mabawa, akicheza uani, alikuwa fahari ya nyumba. Basi nikaazima mkasi kwa Mzee Ramadhani. Zawadi ndiye aliyemshika ndege nilipomkata manyoya ya mabawa. Nilimdanganya kwamba nayapunguza manyoya yapate kuota vizuri.

Mzee alikuja kuufuata mkasi wake.

"We kijana! Nilidhani wapunguza suruali. Huyo unamshonea kanzu au sanda?"

"Yataota tena, mzee."

"Yataota. Na yeye atangoja? Umemuuliza?"

Emmanuel alicheka. Zawadi aligeuka kunitazama. Nikamwambia Zawadi kwamba mzee anatania.

Wiki haikuisha. Asubuhi moja korongo wenzake walipita juu wakiita. Naye akaitika, akakimbia, akapanda ukutani, akajirusha kama anayejua mabawa yake yapo. Chini ya ukuta wetu kulikuwa na mfereji wa mawe, akaangukia humo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila guu lililovunjika halikuwa langu. Ndege alikufa siku ya tatu, mapajani mwa Zawadi, na Zawadi akanyamaza tena.

Leo ana watoto wake. Nikimtembelea hunipikia, huniuliza afya yangu. Lakini jambo lake la moyoni hajanisimulia hata moja. Majuto ni mjukuu; wangu nimemlea hadi nimezeeka naye.

Mwanangu, ukimtibu kiumbe, mtibu kwa ajili ya safari yake, si kwa ajili ya upweke wako. Na mtu akikuamini akushikie, usikate asichokijua. Mungu akupe mikono inayojua kufunga jeraha, akuongezee moyo wa kufungua mlango.

Mimi bado nadaiwa na Zawadi siku moja kinamasini, na ndege wa kuilipia sina.