Ugali Mweupe wa Somoe

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimesimama mlangoni mwa darasa letu kule Newala, nikifunua chakula cha watoto wenzangu kimoja kimoja. Nilikuwa na miaka kama kumi na miwili. Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mwingereza, ingawa sisi hatukujua kwamba ni ya mwisho. Bendera yao tuliiona bomani kila siku, tukadhani itakaa pale siku zote.

Nisikilize taratibu, maana jambo hili sijalizoea kulisema.

Watoto wengi wa shule yetu walitoka vijiji vya mbali, hawakuweza kurudi kwao mchana. Walibeba chakula katika vikapu vidogo vya ukindu, ugali wa baridi umefungwa kwa kitambaa, na mboga kidogo pembeni, kisamvu au mbaazi. Siku moja alikuja mkaguzi wa shule, Mzungu mrefu aliyetutazama macho na meno. Akasema watoto ni dhaifu, wale chakula safi. Basi, alisema hayo tu, akapanda gari lake akaondoka. Kazi ya kutufafanulia maana ya safi aliachiwa mwalimu wetu.

Mwalimu Damiani hakuwa mtu mbaya. Nataka ulijue hilo mapema. Alikuwa ametoka Tanga, hana hata mwaka kwetu, na alitupenda kwa namna yake ya ukali. Akatuambia kuwa kuanzia Jumatatu chakula cha kila mtoto kitatazamwa mlangoni. Chakula safi ni cheupe na hakinuki. Atakayekuja na kichafu atarudi nacho nyumbani, na akirudishwa mara tatu, nafasi yake atapewa mwingine. Nafasi zilikuwa chache mwanangu, na watoto waliozingoja walikuwa wengi.

Kazi ya kutazama akanipa mimi. Gauni langu lilikuwa safi, maana baba yangu alikuwa tarishi wa boma na sabuni haikukosekana nyumbani. Halafu nilikuwa mtoto mwenye haya, sisemi mpaka nisemeshwe. Mwalimu aliidhani haya yangu ni busara. Na mimi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kunichagua kwa lolote, nilifurahi mpaka usingizi ukanipaa.

Somoe alikaa nami benchi moja. Alikuwa mwembamba, mcheshi, na kwa hesabu za kichwa alinizidi mbali. Baba yake alikuwa kwenye mashamba ya mkonge upande wa Lindi, na mama yake alichoka kupeleka barua za mumewe kwa watu wa nje wazisome. Alisema barua ya mume haifai kupita mdomoni mwa jirani. Kwa hiyo alimtoa Somoe shambani, ingawa aliihitaji sana mikono yake, akamleta shule ajifunze kusoma. Hiyo ndiyo ilikuwa thamani ya nafasi yake pale shuleni, na mimi niliijua.

Mwaka ule mvua zilikatika mapema. Mahindi yaliungua yangali machanga. Sisi tulinunua unga dukani, lakini nyumba zisizo na fedha, kama ya kina Somoe, zilibaki na muhogo, tena ule mchungu, maana ndio unaovumilia ukame na nguruwe hawaugusi. Wewe umelelewa mjini kwa ndugu zetu, labda hujui namna ya kuupika. Muhogo ule una sumu. Penye maji mengi watu huuloweka siku kadhaa. Kwetu juu mlimani maji tuliyateka bondeni, unatoka alfajiri na kurudi jua limekuwa kali, na ndoo yenyewe moja kichwani. Nani angemwagia muhogo maji hayo? Kwa hiyo mama zetu waliumenya, wakaurundika pembeni mwa nyumba na kuufunika majani, wakauvundika siku nne au tano mpaka ulainike na kuota ukungu. Kisha waliukwangua ukungu, wakauanika hadi ukauke kabisa, ndipo wakautwanga. Unga wake hauwi mweupe. Ugali wake ni mweusi na una harufu ya uchachu, lakini unaula na kulala salama.

Jumatatu ile nilifunua kitambaa cha Somoe, nikaukuta ugali huo, mweusi kweli. Mvulana mmoja aitwaye Rashidi akachungulia, akasema Somoe kabeba kisigino cha babu yake. Watoto wakacheka. Somoe naye akacheka, akamjibu, "Babu yangu alikuwa na miguu mikubwa. Mngeshiba darasa zima."

Ningeweza kukifunga kile kitambaa na kumpitisha. Mwalimu alikuwa mbali kidogo, anafuta ubao. Lakini watoto walikuwa wananitazama, na mimi ndiye niliyechaguliwa. Nikageuka nikasema, "Mwalimu, huu mchafu."

Somoe alirudi kwao na kikapu chake, hakuonekana tena shuleni juma lile. Juma lililofuata alikuja na ugali uleule, nikasema vilevile, akarudishwa mara ya pili. Safari hii hakutania mtu. Aliniangalia tu kidogo, akafunga kitambaa chake vizuri, akaenda.

Mara ya tatu alikuja na ugali mweupe.

Mwalimu Damiani aliunyanyua juu darasa lote lione. Akasema mnaona, kumbe inawezekana, ni uvivu tu. Nami nilijisikia kama niliyeupika kwa mkono wangu. Nilidhani wamepata mahindi mahali fulani.

Mchana tulipokaa nyuma ya darasa kula, nikamuuliza unga wameutoa wapi. Akatazama huku na huku.

"Ni muhogo uleule," akasema. "Mama hauvundiki siku hizi. Anaumenya, anaukata vipande vyembamba, anauanika siku moja jua kali, anautwanga. Unatoka mweupe hivi. Ni mpaka tupate mahindi tu. Usimwambie Mwalimu, Hilda. Atasema tumemdanganya, ataniondoa."

Nikamwahidi.

Mwanangu, nilijua. Siwezi kusema nilikuwa mtoto sikujua. Nilikuwa nimemwona mbuzi wa jirani aliyekula maganda ya muhogo ule, hakuiona jioni. Bibi yangu alinifundisha kuvundika tangu sijaweza kuinua mchi. Nilijua unga ule ni mweupe kwa sababu sumu bado imo. Lakini ningesemaje? Kwanza nilikuwa nimeahidi. Pili niliogopa rafiki yangu asije akapoteza nafasi yake. Hizo ndizo sababu nzuri, nazo ni za kweli. Iko ya tatu, na hiyo nilikaa nayo miaka mingi kabla ya kuitamka: niliona aibu kumwendea Mwalimu na kumwambia kwamba usafi aliousifu mbele ya darasa ulikuwa si usafi.

Basi Somoe akaendelea kula ugali ule. Nyumbani pia waliula, maana mama yake hakuwa na nguvu ya kutengeneza unga wa namna mbili. Baada ya majuma kadhaa akaanza kulalamika kichwa. Njiani aliinama akatapika, akajifuta kwa kanga ya mama yake, akaniambia twende tusichelewe. Mara nyingine alilala juu ya benchi katikati ya hesabu. Utani ulimwisha. Kila asubuhi nilifunua kitambaa chake nikasema, "Safi," na Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

Siku moja Mwalimu aliniita pembeni. Alikuwa ameona. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Hilda, mwenzako ana nini?"

Nikatazama miguu yangu. "Sijui, Mwalimu."

Mlango wa kusema ulikuwa umefunguliwa, tena na yule niliyemwogopa. Nikaufunga mwenyewe.

Hazikupita siku kumi. Jumamosi Somoe alishuka bondeni na mama yake kuteka maji, wakapanda na ndoo zao jua likiwa kali. Akafika, akatua, akalala. Asubuhi alipotaka kuinuka miguu yote miwili ilikataa. Haikuuma. Ilikakamaa na kutetemeka kama ya ndama aliyezaliwa sasa hivi, na alipojaribu kusimama alianguka kifudifudi.

Nilikwenda kwao alasiri, baada ya kanisa. Somoe alikuwa mkekani, ameegemezwa ukutani, anaitazama miguu yake kama kitu alicholetewa na mtu. Mama yake alikuwa kizingitini.

"Shikamoo, Mama Somoe."

"Marahaba. Wewe ulijua habari za unga wetu?"

Sikuweza kusema uongo tena. Nikamwambia nilijua.

Nilingoja anipige, au anifukuze. Akasema, "Mimi pia nilijua. Nilidhani siku chache hazidhuru." Halafu akainama, akaendelea kuchambua mbaazi ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa.

Walimbeba kwa machela mpaka hospitali ya misheni, chini huko upande wa Masasi. Alikaa huko muda mrefu, akalishwa vizuri, kichwa kikapona, mwili ukanenepa kidogo. Miguu haikurudi. Alirudi anatembea kwa fimbo mbili, magoti yanagongana, visigino havigusi chini, na hivyo ndivyo alivyotembea mpaka alipokufa, mtu mzima mwenye mvi.

Jioni ile ya Jumapili nilimweleza bibi yangu yote, nikilia, nikidhani machozi yatamlainisha. Bibi alikuwa mtu wa maneno machache. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mdomo wa kusema mchafu ulikuwa nao. Wa kusema sumu ulikwenda nao wapi?"

Aliniamsha alfajiri, akanipeleka mwenyewe mpaka nyumbani kwa Mwalimu, akakaa nje akaniacha niingie peke yangu. Nikasema. Mwalimu Damiani alikaa juu ya kitanda chake cha kamba, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Hakunipiga. Alisema kwao Tanga watu hutafuna muhogo mbichi njiani, hakuwahi kusikia muhogo unaoua miguu ya mtoto. Akauliza kwa nini hakuna aliyemwambia. Wazazi walimwogopa kwa sababu ni mwalimu, nasi tulimwogopa kwa sababu ni mkubwa. Yeye alidhani kimya chetu ni kukubali.

Siku ile ile kukagua chakula kukaisha. Mwalimu alikwenda kwa Mama Somoe kuomba radhi. Somoe aliporudi kutoka hospitali, Mwalimu alikwenda kumfundisha nyumbani mara mbili kwa juma, mpaka alipohamishwa. Aliyekuja baada yake hakwenda. Somoe alibaki pale alipofika, anajua herufi zote lakini hawezi kuziunganisha haraka, na siku zilivyopita akaziacha.

Barua ya baba yake ilipokuja, mimi ndiye niliyeitwa kuisoma. Mambo yalikuwa machache: kazi ni ngumu, amepata homa, amepona. Mwishoni aliuliza Somoe amefika wapi na masomo, akasema barua ijayo angependa iandikwe kwa mkono wa Somoe mwenyewe. Nilisoma hadi mwisho kwa sababu sikujua namna ya kuruka mstari ule. Mama Somoe akaniambia, "Mwandikie kwamba hajambo, anamsalimu."

Nikaandika hivyo.

Somoe hakunilaumu maisha yake yote. Tulikaa jirani, nilimtekea maji, nilimlimia, ndugu zako walimwita mama mdogo. Watu walinisifu kwa wema wangu. Kila waliponisifu nilitamani ardhi ipasuke.

Sasa nasikia shuleni kwenu wameanza tena kufunua vikapu vya watoto, hiki kinafaa, hiki hakifai, na wewe ni mmoja wa walimu waliopewa kazi hiyo. Sikukatazi. Wako watoto wanaolishwa vibaya kweli, na anayewaangalia anafanya jambo jema. Lakini mwanangu, kabla hujakirudisha chakula cha mtoto, nenda kwanza kwa aliyekipika. Kaa jikoni kwake. Muulize kwa nini amekipika hivyo, na umngoje ajibu, kwa maana hatakujibu mara moja. Ule ugali mweusi niliouita mchafu mbele ya watu ndio uliokuwa umesafishwa kwa siku tano na mama mwenye njaa. Ule mweupe tuliousifu ulikuwa sumu. Macho yetu yalituambia kinyume, nasi tukayaamini kwa sababu kuuliza ni kazi. Na ukimwekea mtu sharti asiloliweza, atalitimiza kwa njia usiyoijua, na atakayelipa ni mtoto.

La pili ni lako wewe mwenyewe, kwa kuwa umerithi haya yangu, nakuona unavyoinamisha kichwa wakubwa wanaposema. Haya ni kitu kizuri. Mimi sijuti kuwa nayo. Lakini siku ukijua jambo linalomdhuru mwenzako, liseme, hata kama sauti inatetemeka, hata kama uliahidi, hata kama mkubwa ameshasema kinyume mbele ya watu wote. Ukiulizwa, usitazame miguu yako.

Mungu akupe mdomo mzito wa kuhukumu na mwepesi wa kuonya. Wanao wale washibe, wasimame kwa miguu yao, na asiwepo mtoto wa mtu atakayeanguka kwa sababu wewe ulinyamaza. Amina, mwanangu.