Jina Lililozidi Nafasi

Miaka ya tisini, kabla ya chuo, nilikuwa karani wa kuandikisha vibarua katika kambi ya watafiti wa dhahabu, njia ya kwenda Katoro. Programu ya kompyuta ya kuwaandikisha aliitunga bosi wangu mwenyewe, na alijisifu nayo kila siku.

Asubuhi moja nilimwandika kibarua aliyekuwa mcheza ngoma maarufu. Msukuma yule hakukubali kukatwa jina: alitaja lake, la baba, la babu, kisha sifa zote alizopewa uwanjani. Nikaziandika zote. Kompyuta ikaganda, orodha ya asubuhi nzima ikapotea.

"Umeiharibu makusudi," bosi alisema mbele ya vibarua. "Mlokole mwenye mkono wa shetani."

Nikafukuzwa. Maneno yale yakaenea; hata kanisani waliacha kunipa mkono.

Nilisali kwa subira, lakini sikumwombea bosi msamaha. Niliomba niishi nimwone akiumbuka.

Mungu ni mwema. Miaka minne baadaye nilikuwa chuo kikuu, mkubwa kwa umri kuliko darasa zima, nikisoma usalama wa kompyuta. Mhadhiri alichora visanduku ubaoni. Programu hutenga nafasi ya herufi kadhaa, alisema. Mtunzi asipoweka kipimo, herufi zinazozidi humwagikia kisanduku cha jirani na kufuta palipoandikwa programu irudi wapi. Ikipotea njia, inakufa. Anayejua kuchagua herufi huipeleka anakotaka yeye.

Nikaweka kalamu chini.

"Vipi, mzee?" mwenzangu akauliza.

"Nimemwona bosi wangu wa zamani, pale ubaoni."

Muhula mzima nilijifunza kuandika herufi za namna hiyo, za kufuta kila kitu cha bosi. Likizo nikaenda kambini na disketi yenye herufi hizo mfukoni. Kumbe sikuihitaji. Vibarua walikuwa foleni, mcheza ngoma akiwemo.

"Umerudi kuomba kazi?" bosi akacheka.

"Nimerudi umwandike huyu. Jina lote, kwa mkono wako."

Akaandika kwa madaha, huku mcheza ngoma akitamka polepole. Kompyuta ikaganda.

"Bosi," mcheza ngoma akauliza, "na huo mkono ni wa nani?"

Foleni ikaangua kicheko. Jumapili iliyofuata nilipewa mkono kanisani.

Bosi alinifuata hadi getini, akinong'ona nimwonyeshe dawa. Ilikuwa mstari mmoja tu wa kupima urefu wa jina. Nilimtakia amani, nikaondoka na mstari wangu. Nimetubu mengi tangu hapo. Hilo bado nalishukuru.