Ufadhili Uliosomwa Kutoka Chini

Watu wa mahakamani walimwita Kidole, maana alipochapa, vidole vyake vilikimbia kuliko midomo ya mawakili. Chumba chake kilipakana na ukumbi wa kesi, na mlango wa katikati haukufungika vizuri. Kupitia mwanya ule alimsikia kila wakili akisimama, akikohoa kidogo na kusema, "Mheshimiwa." Baada ya neno hilo ukumbi wote ulinyamaza kumsubiri. Ukimya huo ndio Kidole alioutamani. Kwao hakuna mtu aliyewahi kunyamaziwa hivyo.

Alipofika umri ambao wenzake walizungumzia karo za watoto wao, yeye aliomba nafasi katika vyuo viwili vya sheria, pamoja na ufadhili. Majibu yote mawili yalikuja katika wiki moja. Chuo cha kwanza, kile chenye jina, kilimpa ufadhili kamili. Cha pili kilimpa nusu ya karo.

Sasa, wapiga chapa wa mahakamani husoma hukumu kutoka chini. Hufungua ukurasa wa mwisho kwanza, kwa kuwa amri iko huko, na yaliyo juu ni maelezo tu. Kidole aliisoma barua ya chuo chenye jina vivyo hivyo. Aliona "karo yote italipwa na chuo", akaikunja.

"Wakili msomi," karani wa masjala alimwinamia, "usije ukatusahau sisi wa vumbi."

"Nitakukumbuka kila faili likipotea."

"Basi utanikumbuka kila siku."

Jioni alimpelekea habari mama yake, ambaye alikuwa akipiga pasi nguo za watu tangu Kidole akiwa mgongoni.

"Haya, nisomee," mama alisema.

"Si nimeshakwambia, mama? Wanalipa yote."

"Umeniambia mwisho. Mimi nataka utamu wote, tangu salamu. Kwani mwanangu anaandikiwa na chuo kila siku?"

Kidole akacheka, akaanza juu kabisa kwa sauti ya kiwakili. Pongezi zikapita, sifa zikapita, na mama akaitikia kila sentensi kama anayesifiwa yeye. Katikati ya ukurasa wa pili, sauti ikafifia. Ufadhili ungeendelea iwapo tu kila mwaka angekuwa katika theluthi ya juu ya darasa. Akiteleza, karo yote ingemrudia.

"Mbona umenyamaza?"

"Kuna sharti."

"Kwani wewe huna akili?"

"Darasa zima lina akili, mama. Na theluthi haipanuki."

Mama akairudisha pasi juu ya shati, akanyoosha kola taratibu. "Basi waulize ni wangapi huanguka."

Asubuhi akakipigia simu chuo chenye jina. Afisa wa chuo alisitasita, kisha akasema kweli: zaidi ya nusu ya wanaopewa ufadhili huo huupoteza baada ya mwaka wa kwanza.

Kidole alitoa barua ya chuo cha pili, akaisoma tangu salamu. Nusu ilikuwa nusu, lakini hawa walimtaka afaulu mitihani tu, hata akiwa wa mwisho darasani. Nusu nyingine hakuwa nayo. Akawaomba wamwekee nafasi kwa mwaka mmoja akusanye fedha, nao wakakubali. Kile chenye jina alikiandikia kukishukuru na kukataa, na vidole vyake siku hiyo vilikwenda polepole.

"Wakili msomi, unatuacha lini?" karani aliuliza, mikono imejaa mafaili.

"Mwakani."

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu nachapa."

Ng'ambo ya mwanya, kiti kilisogea, mtu akakohoa kidogo. Kidole akainua vidole, akasubiri.

"Mheshimiwa," wakili alisema, na midomo ya Kidole ikalitamka neno pamoja naye, bila sauti. Ukumbi ukanyamaza. Akausikiliza ukimya ule hadi ukaisha, kisha akaendelea kuchapa maneno ya wengine.