Waliokuja Kulia Wakabaki Kula

Juzi jioni mvua ilipokatika hapa Kitale, kumbikumbi walijaa kwenye balbu ya baraza yangu. Nilikuwa nimejikunja pale na blanketi. Mimi safari yangu ndefu ni kutoka kochi hadi jikoni, na tangu daktari aniambie nina saratani ya titi, hata hiyo nimeifupisha. Jirani yangu, aliyezoea kuingia bila hodi na kufunua sufuria zangu, siku hizi ananitumia maombi kwa simu. Tumetenganishwa na ua wa michongoma tu, bana.

Kumbikumbi wale wakanirudisha Myanga, kwa kukhu wangu, nyanya mzaa mama, nilikomalizia likizo zangu zote.

Kukhu alikuwa na kichuguu nyuma ya jikoni, kikubwa kuliko jiko lenyewe. Alikuwa pia na kikundi chake cha wanawake wa kupalilia: leo shamba la huyu, kesho la yule, mwenye shamba anapika. Walikula kutoka uteo mmoja, ungo mpana, wakicheka hadi mbuzi wanashtuka.

Kisha kukhu akaenda hospitali, akarudi bila titi la kushoto. Kikundi kikaanza kupitia njia ya mtoni, mbali na kwake. Ati ugonjwa huo unaambukizwa kwa kikombe. Jirani yake, mama mnene mwenye sauti ya kengele ya kanisa, akawa anamsalimia kutoka kwa migomba: "Umeamkaje hukoo?"

"Nimeamka nusu! Nusu ingine iko hospitali!"

Alitania, lakini mimi niliona chai. Aliendelea kuipika birika kubwa la watu wengi, na jioni kuimwaga kwenye sukuma wiki. Sukuma zile zilinenepa kuliko mimi. Kidonda hakikumsumbua sana, alituambia. Kilichomsumbua ni kula peke yake.

Mvua za kwanza zikaja. Kama hujui, kumbikumbi huitwa kwa ngoma: unafunika mashimo ya kichuguu, unagonga vijiti juu ya ubao hadi wadudu wadhani mvua imerudi. Kukhu akaona vijiti havitoshi, akaleta na debe. Wajukuu wengine waligonga. Mimi, kwa uvivu wangu, nilipewa kazi ya kukaa na kuokota, na huko kukaa ndiko mchwa askari akaning'ata kidole. Nilipiga yowe nadhani lilifika Lwakhakha, mpakani na Uganda.

Sasa fikiria aliye ng'ambo ya migomba. Kwa mgonjwa kunapigwa ngoma, kama ya msiba, mtoto analia. Jirani akaja mbio, mikono kichwani: "Wooi, mama wa watu, umetuachia nani!" Nyuma yake kikundi kizima, huyu na kuni, yule na sufuria ya matanga. Wakapinda kona ya jikoni, wakamkuta marehemu amechuchumaa, bawa la kumbikumbi limemganda kidevuni, anatafuna.

"Kumbe... uko?" jirani akauliza.

"Niko. Kunililia mnakuja mbio, chai yangu mnaogopa?"

"Si tumesikia ngoma..."

"Ngoma ni ya hawa." Kukhu akasukuma mbele uteo wa kumbikumbi. "Kuni mmeleta wenyewe. Washeni moto."

Kumbikumbi walipoanza kulia mafuta kwenye kikaango, harufu ile ilimshinda kila mtu. Jirani ndiye aliyenyoosha mkono kwanza. "Na nikifa je?"

"Utakufa umeshiba."

Walicheka hadi mbuzi wakashtuka. Sukuma hazikupata chai siku hiyo, wala siku zilizofuata.

Kukhu aliishi miaka mingi baadaye. Alipofariki kweli na ngoma ya msiba kulia, jirani yake alikataa kutoka nyumbani. "Sidanganyiki tena," alisema, "hao ni kumbikumbi." Leo kichuguu kimesawazishwa, pamejengwa nyumba za kupangisha. Kikundi kilimalizwa na dawa ya magugu. Nani atapalilia na wenzake wakati kuna pampu ya mgongoni?

Lakini juzi nilichukua sufuria na mwiko, nikagonga. Kisha, kwa vile aibu sina, nikapiga yowe langu la zamani.

Michongoma ikatikisika. Jirani yangu akafika akihema, kiatu mguu mmoja. "Nini? Umeanguka?"

"Sijaanguka. Chai iko kwa birika."

Akanitazama, akatazama kumbikumbi, akatazama sufuria mkononi mwangu. "Wewe mwanamke utaniua mimi kwanza," akasema. Akaingia jikoni, na kabla ya kushika kikombe, nikasikia anafunua sufuria zangu, moja baada ya nyingine.