Chupa Isiyofika Lita

Mama Dorothée alikuwa muuguzi wa dispansari moja ya mtaa wa Mutanga Nord, mjini Buja. Vita vilipofunga njia na dawa zikawa hazifiki, alianza kuandika mambo ya afya kwenye ensiklopedia ya mtandao, ile ambayo kila mtu anaweza kuongeza au kusahihisha. Aliona hiyo nayo ni kazi ya Mungu.

Jioni moja, katika siberi ya Sylvère, kibanda cha kukodi intaneti, alikuta swali chini ya ukurasa wake wa kuhara. Mtu wa mbali alikuwa ameuliza: "Umesema chumvi na sukari zitiwe katika chupa kubwa ya bia. Je, chupa hiyo inaingia lita nzima? Umetoa wapi?"

"Huyu naye!" Dorothée akafyonya. Kitabu cha dispansari kilisema lita; yeye aliandika chupa ili watu waelewe upesi. "Nani hapa Buja hajui chupa?"

Sylvère akaokota moja chini ya meza, akasoma lebo. "Sentilita sabini na mbili, mama. Si lita."

Dorothée akaichukua chupa, akasoma mwenyewe. Maji pungufu, chumvi ileile! Mtoto anayeharisha si atazidi kukauka? Akamwambia Sylvère kuwa mchana ule, walipotoka misa, alimpa mwenzake wa kanisani, Elvire, karatasi ya ukurasa huo, maana mjukuu wa Elvire alikuwa anaharisha.

"Kimbia, mama, kuvrefe imekaribia, watafunga njia!" akasema Sylvère.

"Ngoja kidogo. Kuna kina Elvire wengine nisiowajua, nao wanausoma ukurasa huu."

Ukurasa ukafunguka kwa kusuasua. Risasi zikalia upande wa milimani, taa ikafifia. Yesu wangu, isizimike. Akafuta chupa, akaandika lita, akataja kitabu, akaongeza: "Nilikosea mimi." Ukurasa ulipokubali, akatoka mbio.

Kwenye bariyeri iliyoziba barabara askari akamzuia. "We mama, unakimbilia bwana?"

"Nakimbilia mutoto mugonjwa, mwanangu."

"Pita. Lakini kurudi, apana."

Alimkuta Elvire kando ya mjukuu wake, ameshika kikombe cha maji ya chumvi na sukari.

"Weka chini, dada!" Akaonja. Yalikuwa na chumvi kupita machozi. "Amekunywa?"

"Kidogo, anatema. Si karatasi yako hii?"

"Ni yangu. Mi ndiye nilikosea. Leta chupa ya mafuta, ile ya lita."

Elvire alimtazama sana, kisha akaileta. Wakapima upya, Dorothée akaonja kwanza. Mtoto akapewa kijiko kimoja, akakunja uso, akameza. Wakangoja. Hakutema.

Nje, njia zilikuwa zimekwisha kufungwa. Dorothée akavua viatu, akachota kijiko kingine.