Nichague Kuona Mbali au Karibu

Mimi ni Kemilembe, binti wa wafugaji wa upande wa Songambele. Nimesoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo msinitafutie Kiswahili kikubwa. Mwinjilisti wetu ameniomba niandike yaliyonipata machoni ili wengine wasikie.

Zamani nilikuwa na macho makali. Ng'ombe akiwa kilima cha pili nilimtambua kwa rangi yake nikamtaja jina. Lakini nilichopenda kuliko ng'ombe, Mungu anisamehe, ni maandishi. Nikiosha vibuyu vya maziwa nilikuwa nachora herufi kwenye majivu kwa kidole. Nilikuwa najiona mwalimu tayari, nimesimama mbele ya watoto, nawaambia, "Someni!" Mama alikuwa akinicheka: "Mwalimu, maziwa yanamwagika."

Nikiwa na miaka kumi na sita ukungu ukaanza. Ulikuwa kama moshi wa jikoni usiotoka. Nilikuwa nafikicha macho mpaka yanawaka, moshi uko palepale. Jua la mchana lilinichoma kama pilipili. Kukiwa na mawingu nilipata nafuu. Moto wa jikoni uliota duara la mwanga kuuzunguka. Nikifungua kitabu, mstari mmoja ulikuwa miwili, halafu ikawa hakuna mstari.

Kwa nini sikusema? Hapa ndipo penye aibu yangu. Kwetu wafugaji, aliyekula maharage hanywi maziwa siku hiyo, maana ng'ombe ataharibika kiwele. Nami nilikuwa nimefanya hivyo. Shuleni wenzangu, watoto wa wakulima, walinipa maharage nikala, jioni nikafika nyumbani na njaa nikanywa maziwa, kimya. Wiki ileile ng'ombe wetu mmoja akavimba kiwele, na ndama wake akafa. Baba alilia mbele yetu. Mimi nikanyamaza. Ukungu ulipokuja nikajua ni malipo yangu. Nitasemaje naumwa macho bila kusema nilikula nini?

Nikaficha mwaka na nusu. Nilihesabu hatua za kwenda kisimani. Vibuyu nilivitambua kwa harufu. Kaa la moto nililitafuta kwa vidole, na lenyewe likanipata.

Jumapili moja niliitwa kusoma Neno kanisani. Sura ile nilikuwa naijua kwa moyo. Nikasimama, nikafungua kitabu, nikaimwaga yote bila kukosea. Nikasikia watu wako kimya mno. Mwinjilisti akanisogelea, akaninong'oneza, "Binti yangu, umekishika kitabu kichwa chini."

Nilishtuka nikakiangusha.

Pale pale nje ya kanisa Baba alinigeuzia uso kwenye jua. "Yesu wangu! Mboni ni nyeupe! Zote mbili! Mama Kemilembe, njoo uone, mtoto ana maziwa machoni." Mama alikaa chini kwenye majani.

Baba aliposema maziwa, nilijifunika uso kwa mikono. Nikasema moyoni, dhambi yangu imetangazwa sasa. Na dawa ya kwanza ilikuwa nini? Maziwa! Kila asubuhi Baba alinipigisha magoti chini ya ng'ombe mwenye ndama wa kwanza, akanikamulia machoni yakiwa ya moto. Mwezi mzima. Kope ziligandamana, usaha ukaanza kutoka, nami nilikuwa nalia kwa sababu asiyoijua. Mwishowe mwinjilisti alimwambia, "Mpeleke hospitali ya misheni kabla jicho halijaoza."

Tulitembea siku mbili, mimi nimeshika ncha ya fimbo, Baba ameshika kichwa cha fimbo, kisha tukapata lori. Daktari alikuwa Mzungu aliyeongea Kiswahili polepole. Alinimulika na taa, akauliza kwa nini nimekaa hivi muda wote huo. Baba alikuwa nje. Nikatapika yote: maharage, maziwa, ndama.

Daktari hakucheka. Aliyecheka ni dada muuguzi, Mhaya wa Muleba. Alicheka mpaka akashika meza.

"Wewe mtoto! Kwetu tunakula maharage na maziwa meza moja, asubuhi na jioni. Basi Muleba nzima tungekuwa tunashikana fimbo!"

"Na ndama?"

"Kiwele huugua kama wewe unavyougua. Huu wako ni ugonjwa wa mtoto wa jicho. Huwapata wazee, na vijana mara chache. Hukumuua mtu, hukumuua ndama."

Nilikaa kama niliyepigwa na radi. Mwaka na nusu! Nimejificha mwaka na nusu, nimeungua vidole, kumbe hakuna aliyenihukumu ila mimi mwenyewe.

Mshtuko mwingine ukafuata. Daktari alisema ndani ya jicho kuna lenzi, kitu kidogo kama punje ya dengu, na yangu imechafuka. Ataitoa.

"Nikiwa nimelala usingizi?"

"Ukiwa macho. Na usitikisike."

Sindano ilichomwa chini ya jicho. Hiyo iliuma, sitawadanganya. Baadaye sikusikia maumivu, nilisikia kusukumwa tu, na maji ya uvuguvugu yakishuka shavuni. Niliona kivuli cha mkono kikija na kuondoka. Dada muuguzi alinishika miguu akiimba wimbo wa kanisani chini chini. Jicho la pili lilipasuliwa baada ya wiki mbili. Siku zote hizo nililala chali, nimefungwa macho yote, mifuko ya mchanga huku na huku ya kichwa. Kukohoa marufuku. Kutafuna marufuku; nilinyweshwa uji. Haja zote kitandani. Siku moja chafya ilinijia, nikabana pua kwa nguvu zangu zote huku dada akipiga kelele, "Imeze! Imeze!" Nikaimeza.

Vidonda vilipopona, daktari alikaa kitandani kwangu.

"Sasa jicho lako halina lenzi. Ni kama nyumba bila mlango wa kioo. Nitakupa miwani. Lakini lenzi ya miwani hainyumbuliki kama ile aliyokuumbia Mungu. Itaona mbali, au itaona karibu. Ninazo za nguvu yako pea mbili, na nyuma yako wapo wanaosubiri. Utachukua moja."

Nikadhani sikusikia vizuri. Moja?

Akaongeza kuwa huko Ulaya wapo madaktari walioanza kutia kipande cha plastiki ndani ya jicho lenyewe, kikakaa humo mahali pa lenzi.

"Basi nitie hicho!" nikasema, nimekwisha inuka.

Akanilaza tena kwenye mto. "Sina, wala sijajifunza. Bado wanajaribu, na wengine macho yamewaharibikia. Na hata ungekipata, Kemilembe, ningekuuliza swali hilihili: mbali au karibu?"

Baba alikuwa mlangoni, anajiandaa kurudi kwa ng'ombe. "Mbali," akasema. "Ng'ombe hawaji puani kwa mtu. Nyoka hapigi hodi. Daktari, mpe ya mbali."

"Namuuliza mwenye macho, mzee."

Baba akaondoka bila kuaga vizuri.

Siku ya kujaribu nilivaa kwanza ya mbali. Ee Bwana! Nilipiga yowe, wagonjwa wakatoka nje. Kilima kilikuwa kimenisogelea! Kila jani lilikuwa peke yake. Na mbingu, jamani, mbingu ilikuwa ya buluu kali kama kitambaa kipya. Nilikuwa nimesahau rangi ile ipo. Nilimwona ng'ombe mwekundu mbali kule, mkubwa kupita kiasi, maana miwani hiyo hukuza kila kitu. Nililia.

Nikavaa ya karibu. Kilima kikafutika. Dada akaniwekea kitabu, na herufi zikasimama, nene, nyeusi, kila moja na miguu yake. Nikaiona pia mikono yangu. Vidole vimejaa makovu meupe ya moto! Sikujua kama ni mengi vile.

Nilifikiri siku tatu. Wenzangu wodini walisema mbali. Mpishi alisema mbali. Nami nilikitaka kile kilima, msidhani sikukitaka. Lakini kila nikifumba macho niliona watoto na ubao. Siku ya nne nikasema, "Daktari, nipe ya karibu."

Baba alipokuja kunichukua, nikamsalimu, "Shikamoo, Baba," nimeelekea upande usio wake. Akaelewa. Njia nzima alinitangulia na fimbo, mimi nyuma. Alipoongea ilikuwa hivi tu: "Nimekuleta na fimbo, nakurudisha na fimbo. Watu watasema nini?"

Karibu na nyumbani alisimama ghafla.

"Unaniona?"

"Naona shuka nyeupe, Baba."

Akapiga hatua. "Sasa?"

"Naona ndevu."

Akaja tena. Kwetu baba hakai pua kwa pua na binti aliyekua. Akaja tena, mpaka nikasikia pumzi yake. Ndipo nikamwona. Amezeeka! Ndevu zimekuwa nyeupe, na macho yake yamejaa machozi.

"Kumbe unaonea hapa," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Basi nitakuwa nakuja hapa."

Nawashukuru Mungu, daktari, dada wa Muleba na Baba. Sasa nafundisha watoto kumi na wawili kusoma, nyuma ya kanisa. Wewe unayeona moshi usiotoka, usiufiche kwa sababu ya ulichokula au ulichotenda. Nenda ukaonyeshe jicho, na usikubali kukamuliwa kitu humo. Ukiulizwa uchague, chagua kwa kazi unayoipenda, kisha uvumilie kile ulichokiacha.

Na mkinikuta njiani nikawapita kama jiwe, msiseme mwalimu ana maringo. Sogeeni. Sogeeni hapa puani, niwaone, niwape shikamoo zenu.