Nukta Mia za Mia kwa Mia

"Chai gani hiyo? Niambie shemeji, chai gani niliyoimwagia hii kompyuta?"

"Sikusema umeimwaga. Niliandika huenda imemwagika."

"Yenyewe! Ilitoka kikombeni, ikapanda meza, ikajimwaga!"

Fundi wa mitandao alikuwa amepiga magoti chini ya kaunta ya mapokezi ya zahanati, kichwa ndani ya kabati la ruta, ile mashine inayoelekeza mawasiliano ya kompyuta, makalio yakiwatazama wagonjwa. Hapo ndipo mahali pekee alipoweza kugombana na mdogo wa mkewe bila kuonana naye macho kwa macho. Siku ya nne hiyo, kompyuta ya shemeji haifungui majibu yanayotoka maabara, ng'ambo ya barabara, na shemeji anayafuata kwa miguu, hata kisigino kimoja cha kiatu kimelika na mwendo wake umekuwa wa meza yenye mguu mfupi. Naye fundi alikuwa amemwandikia daktari mkuu ripoti: njia ni nzima, mia kwa mia, kasoro iko kwa mtumiaji, huenda ni chai. Asubuhi hiyo daktari mkuu alikuwa anakuja kuamua kama shemeji abaki mapokezi au akahesabu glavu stoo.

Mia kwa Mia ndilo jina la fundi kazini, na alijipa mwenyewe. Kila akiitwa, alipiga pingi: aliiagiza ruta imbishie hodi mwenzake wa mbali mara tano. Hodi ikijibiwa, ruta inaandika alama ya mshangao, isipojibiwa, nukta. Akiona alama tano za mshangao anafunga kompyuta na kuondoka kifua mbele. Hata bomba la jikoni kwake alilitangaza zima mia kwa mia, na usingizi haujamkolea vijiko vikaanza kuogelea.

"Hebu piga nione," alisema shemeji.

Akapiga. Alama tano za mshangao, zimesimama wima kama askari.

"Umeona? Mia kwa mia."

"Nimeona. Na anayebisha hodi ni nani?"

"Ruta."

"Akiwa mlango upi? Maana naona huyu amesimama barazani anasalimiana na jirani yake uso kwa uso. Kwa nini asijibiwe? Mimi nakaa huku ndani. Mbona hubishi kutokea huku kwangu?"

Fundi alitaka kucheka kitaalamu. Kilitoka kikohozi. Kwa sababu pingi yake hutokea upande wa nje wa ruta, unaotazamana na maabara, na ipo pingi nyingine, ile ya maswali. Unaandika neno pingi peke yake, halafu ruta inakuhoji kama mama mkwe: unampelekea nani? Mara ngapi? Mzigo wa ukubwa gani? Na kwenye swali la mwisho: una ya ziada? Miaka kumi na moja, fundi alikuwa anajibu hapana. Mwalimu wake alisema utamu wote uko hapo kwenye ya ziada, lakini siku hiyo Mia kwa Mia alikuwa ametoka kidogo kununua vocha.

Leo akajibu ndiyo. Ruta ikamuuliza hodi itoke anwani ipi. Akaweka anwani ya upande wa ndani, upande wa shemeji, na kwa kiburi kilichobaki akaagiza hodi mia.

Nukta. Kisha nukta. Zilidondoka moja moja, kama lile bomba lake la jikoni. Shemeji akazihesabu kwa sauti, na kufika thelathini benchi zima la wagonjwa lilikuwa linaitikia, hata mzee aliyekuja kung'olewa jino.

Ilipofika ya sitini fundi akakumbuka. Jumamosi alibadilisha anwani zote za ndani. Ilibaki avuke barabara, aifundishe ruta ya maabara njia mpya ya kurudishia majibu. Alifika getini, jua likamtazama vibaya, akageuka na kuandika: imekamilika. Hodi za shemeji zilikuwa zinafika maabara vizuri kabisa. Majibu ndiyo yalikuwa hayajui kwa kurudi.

Dakika kumi zingemtosha. Avuke, aandike mstari mmoja, arudi shujaa, na chai ibaki chai. Aliionja fikira hiyo, ikawa tamu. Kisha akaviona viatu vya shemeji mbele ya pua yake, kimoja kirefu, kimoja kifupi.

Akainuka bila kukumbuka kaunta. Kaunta ikamkumbusha kwa kishindo.

"Shemeji," alisema akijishika utosi, "hakuna chai. Kuna punda, naye alikuwa humu kabatini."

"Sema tena, mzee wa jino hajasikia."

"Nitasema, tena kwa daktari mwenyewe. Nitasimama hivi."

"Kifua ndani kwanza."

"Kifua ndani. Niseme: Daktari, ile ripoti ichane. Niliipima njia nikiwa barazani, nikamsingizia aliye ndani. Huyu muache hapahapa kwenye kiti chake, na kama kuna wa kuhesabu glavu, basi ni..."

Benchi zima likageuza shingo. Daktari mkuu alikuwa amesimama mlangoni, ripoti mkononi.